Chafya Nyuma ya Kiambaza

Juma lililopita mpwa wangu aliniletea kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka Silibwet. Nilipokizibua, kabla harufu ya maziwa haijanifikia, ilinifikia harufu ya mkaa: mkaa wa senetwet, kichaka chenye maua ya manjano, ambao kwetu husuguliwa ndani ya kibuyu mpaka ukuta wake uwe mweusi na laini kama ngozi iliyopakwa mafuta. Nilikiziba tena. Mpwa wangu akauliza kama maziwa yameharibika. Nilimjibu kwamba hayajaharibika, na jibu hilo lilikuwa la kweli, ila sikuongeza kwamba kwa muda wa pumzi moja nilikuwa nimerudi katika nyumba ya nyanya yangu, mtoto wa darasa la pili, nimejificha nyuma ya kiambaza, nimejibana pua kwa vidole viwili, nikijitahidi kuzuia kitu ambacho hakikukubali kuzuiwa.

Nyanya tulimwita Kogo, kama watoto wa Kipsigis wanavyowaita nyanya zao. Aliishi katika nyumba ya msonge, hatua thelathini kutoka nyumba ya mabati ya wazazi wangu, juu ya kilima upande wa Chepilat, mahali ambapo siku isiyo na ukungu uliweza kuona moshi wa nyumba za Wagusii ng'ambo ya mpaka. Baba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai huko Kericho na alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Mama alibaki na sisi, na ng'ombe, na mashina ya chai yetu wenyewe, ambayo wakati huo yalikuwa machanga na ambayo watu wazima waliyazungumzia kwa upole zaidi kuliko walivyotuzungumzia sisi. Kazi ya Kogo ilikuwa vibuyu. Aliviosha na kuvikausha, akachoma vijiti vya senetwet, akautia mkaa ndani na kuusugua kwa sosiot, ule ufito mrefu wenye nyuzi za mtende, akikigeuza kibuyu kidogo kidogo, sikio lake likiwa karibu na mdomo wa kibuyu kana kwamba alikiuliza kama kimetosheka.

Nilipoanza shule alikuwa tayari ameanza kupoteza. Kwanza alipoteza vitu vya mkononi: kisu, kizibo, leso ya kichwani iliyokuwa kichwani. Kisha alipoteza majina. Mwisho wa mwezi mmoja alimpokea Baba kwa adabu anayopewa mgeni, akamwuliza yeye ni wa ukoo gani. Shangazi, dada mkubwa wa Baba, ambaye aliolewa ng'ambo ya mto na kututembelea kila Jumamosi, aliulizwa swali hilohilo. Alitoka nje, akasimama akilitazama zizi kwa muda mrefu, nami nilidhani anahesabu ndama. Mikono ya Kogo, hata hivyo, haikusahau lolote. Hata siku alizomwita Mama kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, vibuyu vilitoka mikononi mwake jinsi vilivyotoka sikuzote, na maziwa hayakuharibika.

Salamu pia hakuisahau. Kwetu, mkubwa ndiye huanza. Mwanamke mzee husema "Takwenya", na mwanamke aliye mdogo kwake, au mtoto, hujibu "Igo". Mdogo hatangulii, husimama akangoja. Kila asubuhi nilipopita mlangoni pa Kogo nikienda shule alinipa takwenya yangu, nami nikampa igo yake, na siku ikawa imefunguliwa. Jina langu hakulijua tena. Alijua kwamba mimi ni mtoto na kwamba ninangoja.

Mwishoni mwa masika Mama alijifungua mtoto wa kike. Tulikuwa watu wa kanisa, na mtoto alikuwa na jina lake la ubatizo limeshachaguliwa, lakini kabla ya hilo lilipaswa kuitwa jina lingine, na juu ya jambo hili hakuna aliyemwarifu mchungaji. Desturi ni kwamba wanawake wazee wa ukoo huketi kumzunguka mama na mtoto wake na kuwataja marehemu, mmoja baada ya mwingine. Mtoto akipiga chafya, marehemu aliyetajwa wakati huo ndiye aliyerudi kuishi ndani yake. Hutiwa ugoro kidogo puani ili kumsaidia. Watoto hawaruhusiwi kuwapo. Mimi nilikuwa nimejipenyeza mapema, mchana huo, upande wa ndama katika nyumba ya Kogo, nyuma ya kiambaza cha udongo kinachoigawa nyumba, nikajikunja kati ya vibuyu na kapu la mkaa uliosagwa.

Kwa kuwa Kogo alikuwa mkubwa kuliko wote, ndiye aliyepewa heshima ya kutaja. Alikaa ameegemea kiambaza hichohicho. Mgongo wake na uso wangu vilitenganishwa na udongo usiozidi unene wa kiganja. Alianza vizuri. Aliwataja mama mkwe wake, na wake wenza wa mama mkwe wake, kisha akarudi mwanzo, akawataja tena kwa mpangilio uleule. Mtoto alilala kimya. Wanawake walimsaidia kwa kunong'ona, naye akawashukuru na kurudi mwanzo mara ya tatu. Ndipo Shangazi akamwuliza kwa sauti ya chini, "Na mwingine, Mama? Nani mwingine?"

Kogo akataja, wazi kabisa na bila kusita, jina lake mwenyewe: Tabelgaa. Mkaa ulikuwa umeniingia puani. Nikapiga chafya.

Nimelipitia tukio hili mara nyingi kiasi kwamba siwezi kuapa ni kipi nilikiona kupitia ufa wa kiambaza na ni kipi nilikijazia baadaye. Nina hakika na mambo haya: kwamba nyumba ilikuwa na giza na moshi, kwamba wanawake wote walikuwa wameinama juu ya mtoto, na kwamba mtoto, kwa sababu ya ugoro, alikuwa amekunja uso wakati huohuo. Kisha Shangazi akasema, "Amepokea."

Mwanamke mmoja akasema kwa wasiwasi, "Lakini Tabelgaa yuko hapa, ameketi."

"Yuko?" Shangazi akasema. "Wewe mara ya mwisho kuongea naye ni lini? Mimi ni binti yake, na mwaka mzima sijamwona."

Leo naweza kueleza kwa nini neno lake lilipokewa haraka hivyo. Kwa muda mrefu kila mtu katika nyumba ile alikuwa akitafuta sababu ya mzee mwenye afya kuwatazama watoto wake kama wapita njia. Walikwisha kunong'ona juu ya laana, na laana ilidai mkosaji, na mkosaji angetafutwa miongoni mwetu. Chafya ile ilileta sababu isiyomlaumu mtu. Kogo hakuwa amelaaniwa wala hakuwa mgonjwa. Alikuwa amehama mapema, akatangulia kuingia katika mtoto kabla mwili wake haujafa. Kilichobaki kimeegemea kiambaza kilikuwa nyumba isiyo na mwenyewe. Nilisikia wanawake wakishusha pumzi. Mmoja alicheka kwa furaha.

Tangu siku hiyo Shangazi alipokuja Jumamosi alikwenda moja kwa moja kwa mtoto. Alimwita mtoto kwa jina la Kogo. Alimpakata, akamweleza habari za shamba lake, na siku moja nilimwona akimwomba msamaha, huku machozi yakimdondokea mtoto shavuni, kwa maneno aliyowahi kumtupia mama yake wakati wa kuolewa kwake. Hakuwahi kulia hivyo mbele ya Kogo mwenyewe. Hatua thelathini kutoka hapo mwenye kustahili ombi lile alikuwa ameketi juani akitafuta leso yake.

Sitaki msomaji adhani kwamba Mama alikuwa katili. Alimwogesha Kogo kwa maji moto kila Jumamosi, akabadilisha nyasi za malalo yake, akampelekea chakula kwa saa zilezile, na jirani yeyote angeweza kuja kukagua. Lakini alimtunza kama inavyotunzwa nyumba ya mtu aliyesafiri: hufagiliwa, hufungwa, na haipigiwi hodi. Alimwekea chakula mbele yake bila neno na kurudi baadaye kuchukua sahani. Alipokwenda kuchuna chai aliufunga mlango kwa nje kwa gogo, kwa sababu kitu kisicho na mwenyewe huweza kutangatanga kikaangukia mtoni. Vibuyu alivihamishia nyumba ya mabati. Na salamu ilikatazwa. Shangazi alieleza kwamba kilichobaki katika mwili hupenda kusalimu, na kwamba atakayekijibu atafuatwa nacho. Mama alikuwa mke wa mwana. Neno la binti wa nyumba hakulibisha.

Mimi nilitii kuliko wote, na nilikuwa na sababu yangu. Nilijua ni nani aliyepiga chafya. Kwa hesabu ya mtoto wa darasa la pili hitimisho lilikuwa moja tu: Kogo hakuwa ndani ya mdogo wangu. Alikuwa ndani yangu. Nilikuwa nimemvuta kwa pua pamoja na vumbi la mkaa.

Nilijichunguza kwa hofu kubwa. Kogo alipenda chumvi. Nami niligundua kwamba naipenda chumvi. Magoti yaliniuma usiku, kama yake. Mwalimu aliponiuliza saba mara nane nikakosa jibu, nilikaa chini bila kujaribu tena, kwa maana nilijua sasa kusahau kunakotoka. Kila asubuhi, kutoka nyuma ya mlango uliofungwa, ilitoka sauti ile, "Takwenya", nami nilijiziba mdomo kwa viganja viwili na kupita nikikimbia. Niliamini kwamba nikisema igo, Kogo atatoka kwa njia ya kinywa changu arudi kwake, na kwamba atakapotoka hakutabaki kitu ndani yangu.

Alikuwapo mtu mmoja aliyeamini tofauti. Kemunto alikuwa Mgusii, mke wa mchuna chai aliyepewa kipande cha kulima karibu na mpaka wetu, na Kikipsigis chake kilikuwa cha sokoni. Kwao, alisema, mzee anayechanganya maneno yuko safarini, na mtu aliye safarini huulizwa amefika wapi. Basi alikuja na ugali wake wa wimbi, akaondoa gogo mlangoni bila kuomba ruhusa, akaketi sakafuni.

"Kogo, leo umefika wapi?"

"Mtoni," Kogo alimwambia. "Ndama hawataki kuvuka."

"Basi tule kidogo, wapate kutulia."

Wakala pamoja, sahani moja, na Kogo akaimaliza. Ndipo Mama alipogundua, kwa mshangao ambao hakuusema, kwamba sahani alizokuwa akizichukua zimejaa hazikurudi hivyo kwa kukosa njaa. Kogo hakujua tena kwamba chakula kilichokaa peke yake mbele yake ni chake. Alihitaji kuona mtu akila.

Shangazi alimkuta Kemunto huko Jumamosi moja. Alisimama mlangoni akamwambia, kwa sauti ya mzaha isiyokuwa na mzaha ndani yake, kwamba Wagusii ni watu wakarimu, hulisha hata vivuli.

"Kivuli hakiombi chumvi, dada," Kemunto akajibu. "Huyu ameniomba mara mbili."

Shangazi alimwambia kwamba hapa si kwao. Kemunto alikung'uta sketi yake, akamuaga Kogo kwa kumshika mikono yote miwili, akaenda, na baada ya hapo tulimwona kwa mbali tu, kati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni.

Sahani zikaanza tena kurudi zimejaa. Kogo alikonda kwa kasi ambayo hata mtoto aliweza kuiona: kwanza pete zake zilianguka, kisha shanga za shingoni zikalala katika mashimo yaliyokuwa hayapo. Nyakati za kuogeshwa alininyooshea kidole, akasema, "Si yule. Ni huyu." Alilisema hilo wiki baada ya wiki. Shangazi alitueleza kwamba hivyo ndivyo masalio yanavyoongea, maneno yasiyoshikamana na kitu, na Mama akaendelea kumsugua mgongo.

Likizo ya Agosti ilinikuta nyumbani. Asubuhi moja Mama alipeleka majani ya chai kituoni kupimwa, akaniachia mtoto mgongoni. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa. Nilizunguka uwanja nikimbembeleza mtoto, na kila nilipofika karibu na msonge nilijitayarisha kuziba mdomo, lakini sauti haikuja. Ilipofika mara ya nne au ya tano kutokuja kwake kuliniogopesha kuliko kuja. Niliondoa gogo.

Alikuwa amelala juu ya ngozi, uso kuelekea mlango. Aliponiona, midomo yake ilijaribu kwanza bila sauti, kisha ikasema, "Takwenya."

Sikujibu. Nilipiga magoti, na badala ya neno moja nililopaswa kusema nikasema yale niliyoyabeba tangu masika. "Kogo, ni mimi niliyepiga chafya."

"Najua," alisema. "Ilinipasukia kisogoni. Mtoto mchanga hapigi chafya kama ndama." Akacheka, kicheko kidogo kikavu. "Niliwaambia."

Nikamwuliza kama nimemchukua, kama yumo ndani yangu. Alinitazama kwa makini, jinsi alivyozoea kukitazama kibuyu kabla ya kuamua kama kina ufa.

"Nitoshe wapi?" akasema. "Mimi niko hapa. Nimekaa hapa tu. Ninyi ndio mmehama."

Huo ndio ulikuwa uwazi wake wa mwisho ninaoujua. Mara macho yake yakalegea, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilisikia mbwa akimlaki Mama njiani. Salamu yake ilikuwa bado imesimama kati yetu, haijajibiwa, nami nilikuwa na nafasi ya kuijibu, kwa sababu igo ni neno fupi. Lakini hofu ya miezi mingi haiondoki kwa sentensi tatu. Nilitoka, nikarudisha gogo mahali pake.

Mama nilimwambia siku hiyohiyo alasiri. Hakunipiga. Aliniuliza nilikuwa nimekaa wapi hasa, kibuyu gani kilikuwa kulia kwangu, kapu la mkaa lilikuwa limefunikwa au wazi. Aliuliza kama mtu anayetumaini shahidi atajikwaa. Sikujikwaa. Akaingia msonge, akaenda upande wa ndama, nikamwona akiinama na kuweka kiganja kwenye kiambaza, mahali penyewe, kisha akakaa hapo kwa muda ambao mtoto mgongoni kwangu alilala, akaamka, akalala tena.

Alipotoka alisema tu, "Shangazi yako asilisikie hili." Nimejiuliza kama ilikuwa ni kunilinda mimi, au kujilinda yeye, au kumhurumia Shangazi, ambaye alikwisha kuomba msamaha wake na kuupata. Shangazi aliingia kaburini bila kujua. Mdogo wangu bado anaitwa Tabelgaa, na hata yeye sijamwambia.

Gogo lile lilikatwa kuni. Mama alipika uji wa wimbi, akautia chumvi, akachukua vikombe viwili. Alirudisha vibuyu vyote msonge. Alikaa karibu na ngozi ya Kogo, akanywa kutoka kikombe chake ili aonekane akinywa, akasogeza cha pili. Kogo aliutazama uji, akamtazama Mama, kwa upole wa mtu anayemtazama mgeni kupitia dirishani. Mama alimwekea sosiot kiganjani, akakikunja kiganja kwa vidole vyake mwenyewe. Kilifunguka, na ufito ukaanguka.

Siku tatu Mama hakwenda kuchuna chai. Majani yalikomaa yakapita kiasi, na watu waliopita njiani waliyatazama wakashangaa. Kemunto aliitwa, alikuja, akaketi, akauliza safari imefika wapi, akangoja, kisha akainuka na kumtazama Mama.

Asubuhi ya nne niliamka mapema nikaenda msonge. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti ndani, mgongo wima, mikono mapajani, kama anavyokaa mwanamke mdogo mbele ya mkubwa wake. Nilimwelewa mara moja, kwa kuwa hilo nilikuwa nimefundishwa na Kogo mwenyewe: mdogo hatangulii. Alikuwa anangoja kusalimiwa. Kogo alikuwa ameelekea kwetu, macho nusu wazi, na kifua chake sikukiona kikipanda.

Tulingoja hivyo mpaka jua likagusa vibuyu. Kisha Mama akasema, "Igo." Hakuna aliyekuwa amemsalimu. Akasema tena, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa kuitika, "Igo, Kogo. Igo."